Labani Alibadilisha Mshahara Mara Kumi

Andiko la msingi: Mwanzo 31:36–42. Soma pia Kumbukumbu la Torati 24:14–15 na Wakolosai 3:22 hadi 4:1.

 

Jumatano baada ya maombi kijana mmoja wa hapa kwetu alibaki nyuma akitaka kuniona. Ninaeleza habari yake kwa ruhusa yake, na sitataja jina wala mahali anapofanya kazi, kwa hivyo msianze kugeuka kuangaliana. Aliajiriwa katika duka la jumla, kazi yake kupanga bidhaa kwenye rafu. Hiyo ilikuwa miaka mitatu iliyopita. Leo anapanga rafu, anakaa kaunta kupokea pesa, anapakua lori zikija usiku, na dereva asipofika, yeye ndiye anashika usukani. Anaingia saa moja asubuhi. Anatoka saa tatu usiku, siku nyingine saa nne. Mshahara ni ule ule wa kupanga rafu.

Alipouliza, bosi wake, ambaye ameokoka, alimfungulia Biblia kwenye Wakolosai 3:23, akamsomea kwamba kazi yoyote tuifanye kwa moyo, kama kwa Bwana na si kwa wanadamu. Halafu akaifunga Biblia, akamwambia arudi stoo. Sasa kijana ananiuliza, "Pasta, nikiuliza tena, nitakuwa nimetenda dhambi?"

Sikumjibu usiku ule. Nilimwombea, nikamwambia ujumbe wa Jumapili utakuwa jibu lake. Ukweli ni kwamba niliogopa kumjibu haraka, kwa sababu swali hilo hilo niliwahi kuulizwa miaka ya nyuma, na nilijibu vibaya. Nitafika huko. Kwanza twende kwa Yakobo.

Mnamjua Yakobo. Amekimbia nyumbani, amefika Harani kwa mjomba wake Labani, hana ng'ombe, hana mbuzi, ana fimbo tu. Amekaa mwezi mmoja akisaidia kazi. Angalia Mwanzo 29:15. Ni Labani mwenyewe anayefungua mazungumzo. Anamwambia, wewe kuwa ndugu yangu si sababu ya kunitumikia bure, sema nikulipe nini. Ukiisoma harakaharaka unasema, huyu mzee ni mzuri kweli! Ni bosi ambaye siku ya kwanza anakuita "mtoto wangu", anakwambia hapa sisi ni familia. Wapendwa, mimi nikisikia kazini mtu anasema sisi ni familia, huwa nasikiliza vizuri sentensi inayofuata.

Wanapatana miaka saba kwa ajili ya Raheli. Miaka saba inaisha, asubuhi Yakobo anafungua macho, ni Lea. Anaambiwa, kwetu hatuozi mdogo kabla ya mkubwa. Hiyo desturi miaka saba yote haikutajwa! Ilitajwa siku ya malipo. Na hapo kuna watu wanajua ninachosema. Umefanya kazi, umemaliza, siku ya kulipwa ndiyo unaambiwa kuna sheria ya kampuni ambayo hukuwahi kuiona. Akaongeza miaka saba mingine. Baadaye akafanya miaka sita kwa ajili ya mifugo. Jumla miaka ishirini, na katika hiyo miaka anasema mshahara ulibadilishwa mara kumi.

Tukifika sura ya 31, Yakobo ametoroka na familia yake, Labani amemfukuzia siku saba, amemfikia, amepekua hema zote na hajapata kitu. Hapo Yakobo analipuka. Mzee aliyenyamaza miaka ishirini anafungua mdomo. Nataka mtazame jinsi anavyoongea, kwa sababu hapa ndipo ujumbe wa leo ulipo.

Haanzi na malalamiko. Anaanza na kazi yake. Kondoo wako na mbuzi wako hawakuharibu mimba mikononi mwangu. Kondoo dume wa kundi lako sikula. Mnyama akirarua mmoja, sikukuletea mabaki nikuombe unisamehe hasara, nililipa mimi. Kikiibiwa mchana au usiku, ulikidai kwangu. Jua la mchana lilinichoma, baridi ya usiku ilinitafuna, na usingizi ukanikimbia. Ndipo anakuja kwenye mshahara.

Ndugu yangu, wewe ukisimama mbele ya bosi wako leo, unaweza kuanza kama Yakobo? Hapa niruhusuni niwachome kidogo kabla sijawapaka mafuta. Kuna wengine tunasema tunadhulumiwa, na kumbe tunaingia saa mbili na nusu kila siku tukisingizia msongamano wa Jogoo Road, na hiyo msongamano imekuwa hapo tangu tuzaliwe. Umeomba ruhusa ya kuzika shangazi yako mara tatu, shangazi huyo huyo. Simu iko chini ya meza, unaangalia video, mteja amesimama. Halafu mwisho wa mwezi unaniletea ombi kwamba adui anapigana na kupandishwa kwako cheo. Adui hata hajui unafanya kazi wapi. Paulo aliwaandikia Wathesalonike waziwazi kwamba asiyetaka kufanya kazi asile pia. Haki ya jasho inadaiwa na mtu aliyetoka jasho.

Na kuna dhambi nyingine hapa ambayo tumeibatiza jina zuri. Inaitwa "kujilipa". Hawakulipi ovataimu, kwa hivyo unafyonza dizeli lita tano jioni. Hawakuongezi mshahara, kwa hivyo unabeba sukari, sabuni, misumari. Unasema Mungu anaelewa. Hapana. Labani akiiba jasho lako, na wewe ukiiba kondoo wake, Harani sasa ina wezi wawili, na siku ya kupekua hema utatetemeka. Yakobo hakutetemeka alipopekuliwa. Alimwambia Labani, weka hapa mbele ya ndugu zangu na ndugu zako kitu chako chochote ulichopata, wao waamue. (Ni kweli Raheli alikuwa ameficha vinyago vya babake chini ya matandiko ya ngamia, lakini Yakobo hakujua. Na zile fito alizobambua kwenye birika la maji katika sura ya 30, msiniulize. Yeye mwenyewe anakuja kukiri katika 31:9 kwamba ni Mungu aliyempa wale wanyama.)

Sasa turudi. Kuna jambo katika hotuba ya Yakobo ambalo nilisoma miaka mingi bila kuliona. Anasema miaka ishirini. Anasema kumi na nne kwa binti zako wawili, sita kwa wanyama wako. Anasema mara kumi. Huyu mtu alikuwa anahesabu! Alikuwa mvumilivu, ndiyo, alikuwa mwaminifu, ndiyo, lakini alikuwa na hesabu. Uvumilivu wake haukuwa wa kufumba macho.

Kabla sijaitwa katika huduma nilifanya kazi kwenye ghala moja hapa Nairobi, Industrial Area. Nilianza kama mpakiaji, nikabeba magunia mpaka bega likawa na sugu, kisha nikapewa ukarani wa stoo. Nilikuwa mfanyakazi mzuri, nasema bila kujisifu, na wakubwa walijua. Meneja alikuwa akipita na wageni ananionyesha kidole, "Huyu ndiye mtu wangu." Wapendwa, sijui niwaelezeje vile hayo maneno yalikuwa matamu. Kwa ajili ya hayo maneno nilikuwa nabaki mpaka saa tano usiku bila kulipwa shilingi moja zaidi. Nilikuwa na funguo zote. Likizo sikuchukua, nilidhani likizo ni ya watu wasio na maana.

Mke wangu alijifungua mtoto wetu wa pili nikiwa nahesabu mali ya mwisho wa mwaka. Jirani ndiye alimpeleka hospitali. Nataka niwe mkweli hapa, hakuna aliyenifungia mlango siku hiyo. Sikuomba ruhusa. Niliogopa, na pia nilitaka wajue kwamba bila mimi kazi haiendi.

Miezi michache baadaye mali ikapungua. Katoni zilitoka siku ambayo mimi sikuwa zamu. Nilikatwa mshahara nusu, miezi minne. Nilipouliza, meneja yule yule aliniambia, "Wewe si ndiye una funguo?" Sikuwa na karatasi hata moja ya kuonyesha ni nani aliingia siku ile. Niliacha kazi. Nilipopita pale wiki iliyofuata kuchukua viatu vyangu, kulikuwa na kijana mwingine kwenye meza yangu, na meneja alikuwa anamwonyesha mgeni, anasema, "Huyu ndiye mtu wangu."

Mnacheka. Mimi sikucheka. Nilikaa kwenye kibanda cha chai pale nje nikajiuliza, nilikuwa natumikia nani hasa? Kwa sababu kama ningekuwa natumikia Bwana, Bwana hangeniambia nimwache mke wangu apelekwe na jirani. Nilikuwa natumikia sifa. Na mtu mwenye njaa ya sifa, Labani hahitaji hata kumdanganya. Anampa sifa, basi, amemlipa.

Kwa hivyo tuisome Wakolosai vizuri. Ni kweli, 3:23 inatuambia tufanye kazi kwa moyo kama kwa Bwana. Yule bosi hakudanganya. Tatizo ni pale alipofungia Biblia. Angeshuka kidogo tu, 4:1, mstari wa tatu kutoka pale, angekutana na jina lake. Paulo anawageukia mabwana na kuwaambia wawape watumwa wao yaliyo haki na ya adili, wakijua kwamba wao pia wana Bwana mbinguni. Barua ni moja. Huwezi kumsomea mfanyakazi mistari yake ukaificha mistari yako.

Na tukienda katika Torati, Mungu anazidi kuwa mkali. Kumbukumbu la Torati 24 inasema kibarua maskini alipwe siku ile ile, jua lisichwe hajalipwa, kwa sababu ameutumainia huo ujira, na akimlilia Bwana, inakuwa dhambi juu yako. Walawi 19:13 inasema ujira usikae kwako usiku kucha hata asubuhi. Yeremia 22:13 inatangaza ole kwa anayejenga nyumba yake kwa kumtumikisha jirani bila kumlipa. Yakobo 5:4, huyu sasa ni Yakobo wa Agano Jipya, anasema mshahara uliozuiliwa wenyewe unapiga kelele, na kelele hizo zimeingia masikioni mwa Bwana wa majeshi. Mshahara unapiga kelele! Uko kwenye akaunti yako, unasikia kimya, lakini mbinguni ni makelele.

Hata pumziko. Amri ya Sabato katika Kumbukumbu la Torati 5 haisemi upumzike wewe tu. Inamtaja mtumwa wako na mjakazi wako, ili wapumzike kama wewe, na sababu inatolewa hapo hapo, kumbuka ulikuwa mtumwa Misri. Farao ndiye aliyekataa pumziko. Katika Kutoka 5 watu wakiomba siku za kwenda kuabudu, Farao anasema ni wavivu, anaondoa majani, na hesabu ya matofali inabaki ile ile. Kwa hivyo bosi anayekuita mvivu kwa sababu umeomba siku moja ya kwenda kanisani, hajaanza yeye. Ana babu.

Sasa ile nilisema nitafika. Miaka kadhaa iliyopita dada mmoja aliyekuwa akiabudu nasi alinijia. Alikuwa anafanya kazi jikoni katika hoteli, mjamzito wa miezi saba, anasimama kutoka alfajiri. Alikuwa ameambiwa akienda kujifungua asirudi. Aliniuliza afanye nini. Mimi mchungaji wake nilimwambia, "Dada, vumilia. Usipigane na mwajiri. Mungu atakupigania, wewe nyamaza." Nilimwekea mikono, tukaomba, nikaenda nyumbani nikiwa nimeridhika na huduma yangu.

Akanitii. Akaenda akajifungua, akarudi, akakuta mtu mwingine jikoni. Hakupewa hata nauli. Akanyamaza kama nilivyomwambia. Alikuja kuelezwa baadaye sana, na jirani asiyeenda kanisa lolote, kwamba Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inampa mama miezi mitatu ya likizo ya uzazi kwa mshahara kamili na haki ya kurudi kazini kwake, na kwamba kumfuta mtu kwa sababu ya mimba ni kosa. Lakini kudai mahakamani kuna muda wake, miaka mitatu, na muda ulikuwa umepita. Leo anaabudu mahali pengine. Nilipomtafuta kumwomba msamaha aliniambia neno moja ambalo sijaweza kulisahau. "Pasta, mimi sikukosa imani. Nilikosa mtu wa kuniambia."

Ndiyo maana leo nawaambia. Mtu asitoke hapa akisema sikuambiwa.

Paulo alipopigwa viboko Filipi bila kuhukumiwa, asubuhi wakuu wakatuma watu wamfungue aende zake. Matendo 16:37, alikataa. Alisema wametupiga hadharani, sisi raia wa Rumi, sasa watutoe kwa siri? Waje wenyewe. Katika Matendo 25 akadai kusikilizwa na Kaisari. Ni mtume yule yule aliyeandika tuwatii wenye mamlaka. Kwa Paulo, kutaja sheria hakukuwa kukosa imani. Na sisi Wakenya, kifungu cha 41 cha Katiba ya 2010 kinampa kila mtu haki ya kutendewa kwa haki kazini, pamoja na ujira wa haki, na kila mfanyakazi haki ya kujiunga na chama cha wafanyakazi.

Nitaje machache tu, kalamu mnazo. Sheria hiyo ya 2007 inasema mfanyakazi apumzike angalau siku moja katika kila siku saba. Akimaliza miezi kumi na miwili ana haki ya likizo isiyopungua siku 21 za kazi, akilipwa kikamilifu. Mkataba wa miezi mitatu au zaidi uwe kwa maandishi, na ni jukumu la mwajiri kuuandika, si lako. Mkifika mahakamani na mwajiri hana mkataba wa kuonyesha, mzigo wa kuthibitisha masharti unakuwa wake. Kibarua wa kutwa alipwe mwisho wa siku. Mnasikia Kumbukumbu la Torati ikiongea humo? Na yule anayeitwa kibarua mwaka wa nne sasa, anaingia kila siku, sheria haimhesabu tena kuwa kibarua. Akifanya kazi mfululizo siku zinazojumlika kufika mwezi mmoja, anahesabiwa kama mwajiriwa wa mshahara wa mwezi. Mshahara usikatwe kwa hasara ambayo hukuisababisha. Mimi ningejua hiyo wakati wa ghala! Saa za kawaida za wafanyakazi wengi ni 52 kwa wiki, zaidi ya hapo ni ovataimu, na inalipwa mara moja na nusu. Kijana wangu wa duka la jumla, piga hesabu ya saa moja asubuhi hadi saa tatu usiku mara siku sita. Nimekupigia. Hata tukitoa saa nzima ya chakula kila siku, zinabaki 78.

Lakini haki bila hekima inaweza kukufukuzisha kazi kesho asubuhi, na kodi ya nyumba haingoji. Najua. Kwa hivyo fanya kama Yakobo, anza na hesabu. Nunua daftari. Kila siku andika umeingia saa ngapi, umetoka saa ngapi, umetumwa kazi gani na nani. Jumbe za simu za bosi usizifute. Karatasi ya mshahara iweke. Usiandike kwa hasira, andika tu. Ukishaandika miezi miwili mitatu, utaona mambo mawili. Pengine utaona kwamba haudhulumiwi vile ulivyodhani, na hiyo pia ni neema. Au utaona kwamba unadhulumiwa zaidi ya ulivyodhani.

Halafu nenda ukaongee. Usiende na kelele, wala usiende kwenye kundi la WhatsApp la wafanyakazi ukamchafue mtu. Omba dakika kumi za bosi, ukiwa na daftari lako. Mwambie, "Mheshimiwa, nashukuru kwa kazi hii. Niliajiriwa kufanya hivi, sasa nafanya hivi na hivi pia, na niko tayari kuendelea. Naomba tukae tupange malipo yake na saa zangu." Basi, nyamaza. Tunapenda kujaza kimya kwa kujipunguza, "lakini hata usipoweza ni sawa." Usiseme ni sawa kama si sawa. Huo ni uongo, na uongo ni dhambi hata ukisemwa kwa upole.

Akikataa, kuna chama cha wafanyakazi, kuna afisa wa leba, na mwisho kabisa kuna mahakama ya masuala ya ajira. Najua kuna atakayeniuliza kuhusu 1 Wakorintho 6, ndugu kumshtaki ndugu. Paulo anawauliza pale, hakuna hata mmoja mwenye hekima kati yenu wa kuamua? Sawa. Kama bosi wako ni muumini wa kanisa hili, njooni ofisini kwangu wote wawili, wazee watakaa na ninyi. Lakini huo mstari usitumiwe na mwajiri kama ngao ya kukwepa mahakama na wazee pia.

Na wakati mwingine Mungu anasema ondoka. Yakobo aliuona uso wa Labani umebadilika, akasikia Bwana akimwambia arudi kwao, na kabla ya kufunga mizigo aliwaita Raheli na Lea shambani wakaongea. Aliongea na wake zake! Usije ukaacha kazi Jumatatu mke akasikia Ijumaa kwa mwenye nyumba. Toa notisi yako, ya mwezi kama unalipwa kwa mwezi, dai ulichobakisha, chukua barua ya kazi, toka kwa heshima. Yakobo alitoka kwa siri, na ndiyo sababu alifukuziwa siku saba milimani. Mwishowe walirundika mawe Galedi, wakaweka mpaka, wakala chakula pamoja, na asubuhi Labani akabusu wajukuu wake akaenda. Hata na Labani inawezekana kuachana vizuri, lakini mpaka uwepo.

Sasa nigeukie waajiri, na sisemi wenye kampuni pekee. Mama, yule dada anayekusaidia nyumbani kwako ni mwajiriwa. Analala saa ngapi? Jumapili yake ni lini? Wewe uko hapa umeinua mikono, yeye yuko na mtoto wako, na wiki ijayo itakuwa vivyo hivyo. Sheria niliyosoma inamhesabu na yeye. Baba, wale vijana wa mjengo wako walioambiwa wangoje mpaka Jumamosi ijayo, na Jumamosi ijayo ukazima simu, umesoma Yeremia 22 leo?

Nilikuwa nimepanga kumaliza hapo. Lakini Ijumaa usiku nikiwa ofisini nikiandika mistari hii, mlango ulibishwa. Alikuwa mzee wetu anayetunza kanisa. Ilikuwa karibu saa tano usiku, ameniletea chai. Akaniuliza kama bado nitatumia stima, anataka kufunga geti. Nilimtazama yule mzee. Ndiye anafagia hapa. Ndiye anapanga viti hivi mlivyokalia, anaviosha, analinda usiku, anafungua alfajiri kwa maombi ya kina mama. Nikamuuliza, "Mzee, mara ya mwisho ulienda nyumbani lini?" Akasema, "Desemba, Pasta. Ile ya mwaka juzi."

Niliweka kalamu chini.

Wapendwa, sisi kama kanisa tumekuwa tukimpa mzee huyu shilingi 6,000 kwa mwezi, miaka sita. Tuliita asante. Tulisema anamtumikia Bwana. Hakuna mkataba, hakuna siku ya mapumziko, hakuna likizo, na hata kima cha chini cha serikali hatukukaribia. Mimi ndiye mwenyekiti wa kikao kilichopanga hizo 6,000. Nilikuwa nimeandika kurasa nne juu ya Labani, na Labani alikuwa anakunywa chai.

Jana kamati ilikutana. Tulimwita mzee tukamwomba msamaha, na amenipa ruhusa ya kusema haya mbele yenu. Ataandikiwa mkataba. Mshahara wake utafuata sheria kuanzia mwezi huu, na ya nyuma tutapiga hesabu pamoja na afisa wa leba, kisha tutalipa kwa awamu kutoka kwa fedha zilizokuwa za kununua spika mpya. Spika zitangoja. Atatafutwa mtu wa pili wa usiku.

Tusimame tuombe. Bwana, wewe uliyeona mateso ya Yakobo na kazi ya mikono yake, waone hawa. Mpe kijana wetu ujasiri na ulimi wa upole kesho akiingia kazini na daftari lake. Dada yule niliyemshauri vibaya, umrudishie ambacho mimi siwezi kumrudishia. Tusamehe tulioshika ujira wa wengine, na usituruhusu tulale kabla hatujaurudisha. Kwa jina la Yesu. Amina.

Mketi kidogo, tangazo moja. Mzee anapanda basi kesho asubuhi kwenda kwao, likizo ya siku 21. Funguo za kanisa ziko kwangu. Vijana wanaoweza kuja Jumatano saa tisa kusaidia kupanga viti, mniandikishie majina hapo mbele. Na mkikuta vimepangwa vibaya, mjue ni mimi, na msimpigie mzee simu.